Jedwali kutoka Stata hadi Word

Unataka umri na jinsia kwa kila kundi bila kunakili namba moja moja? Kama una Stata 18 (programu ya takwimu), mstari mmoja wa amri unatosha:

dtable umri i.jinsia, by(kundi, tests) nformat(%4.1f mean sd) export(jedwali1.docx, replace)

Usisahau ile i. mbele ya jinsia, ndiyo inayoiambia Stata kwamba jinsia ni makundi, si namba. Ukiiacha utapewa wastani wa jinsia, mfano 1.5, na msimamizi wako atacheka wiki nzima (yaliyonikuta mimi!). Umri unatoka na wastani na mkengeuko sanifu, jinsia inatoka na idadi na asilimia. Hiyo tests ndiyo inayoleta thamani ya p, ya kupima kama makundi yanatofautiana. Kwenye Stata 17 dtable haipo, tumia table yenye statistic(), halafu collect export.