Jibu: Mama anaficha saratani ya shingo ya kizazi
Pole sana dada. Umesema mama amekutwa na saratani ya shingo ya kizazi, na tangu nesi ataje kirusi kinachoambukizwa kwa ngono hataki kurudi kliniki. Mawifi zake anawaambia ni vidonda vya tumbo.

Dada yangu mkubwa hapa Bombo, Uganda, alifanya hivyohivyo. Miezi saba kimya, anajifunga kanga mbili ili damu isionekane. Kilichomfungua ni maneno tuliyoambiana jikoni, wawili tu: kirusi hicho kinacholeta saratani hii, HPV, huwapata watu wengi mno, hata mwanamke aliyemjua mume mmoja tu maisha yake yote, na kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Hakuna awezaye kusema nani alikileta wala lini. Alilia, kisha akauliza tutaondoka lini. Mwambie mama hilo kwanza, kabla hujataja hospitali.

Halafu tazama kama ana barua ya rufaa. Matibabu yako Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Umsindikize wewe, si baba. Sisi tulimtuma shemeji, dada akashindwa kujibu maswali ya daktari mbele yake.

Nawe kapime shingo ya kizazi. Kipimo cha siki, wanapaka siki pale kuona kama kuna mabadiliko, huchukua dakika chache. Ukiwa na binti wa miaka 10, apate chanjo ya HPV, ni bure, inatolewa nchi nzima tangu 2015. Wangu alipochanjwa, jirani alidai namfundisha umalaya. Nilimweleza yaliyompata dada yangu. Wiki iliyofuata alimpeleka wake.