Barua kwa mwanangu: wakuite bosi?

Mwanangu Zuhura,

Salaam sana. Huku hatujambo, mguu wa mama yako umepoa. Umeniuliza kama uwakataze vijana wa ofisini kukuita "bosi", maana umepewa idara na jina hilo linakukera. Nitakujibu, lakini mimi nimekwama pale ulipoandika "watu wangu wa chini". Chini ya nini, mwanangu?

Najua, ndivyo wanavyosema wote. Ila wimbo wangu mnaujua: mkubwa humjui kwa anavyoitwa, unamjua kwa anavyowaita wenzake.

Babu yako alitoka Kasulu kuja Tanga kukata mkonge, akawa manamba. Nyinyi wajukuu mnalitania neno hilo kama vile ni kabila. Manamba ni mtu aliyepewa namba, na kwa namba hiyo ndipo alipoandikwa na kulipwa, kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kikitiwa alama mpaka zitimie siku 30. Msimamizi wake aliitwa mnyapara, neno la tangu misafara ya wapagazi ya kwenda bara. Ila kwenye misafara alikuwapo pia kirangozi, aliyetangulia na bendera, na mara nyingi naye alikuwa na mzigo wake. Mashambani mnyapara alifika. Kirangozi hakufika.

Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, Bwana Meneja akawa Ndugu Meneja. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi majivuno na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliishika ibara hiyo wakagoma nayo, wakubwa wakakosa usingizi.

Miaka michache baadaye babu yako alikwenda kudai kiinua mgongo, akanichukua nimsomee karatasi. Ndugu Meneja, ambaye mikutanoni hakumaliza sentensi bila kusema ndugu, hakuinua hata macho. "Namba yako?"

Mzee akajinyoosha kama askari, akaitaja. Hakuhitaji kukumbuka. Mimi nilikuwa na kaptula ya shule na uso unaniwaka moto. Hata sasa ninavyoandika unawaka. Kisha mzee akasema, kwa adabu kabisa, "Na wewe ndugu yangu, ya kwako ngapi?"

Karani alicheka mpaka akatoka nje. Shangazi yako anadai mzee hakusema vile, kwamba aliyasema njiani tukirudi. Shangazi yako hakuwepo.

Hela zilichelewa sana, hilo sikatai. Pengine angenyamaza zingewahi. Lakini hapana, asingenyamaza.

Usidhani basi neno ndugu lilikuwa danganya toto. Nami huwa nadhani hivyo nikiwa na hasira, kisha nakumbuka mikutano ile. Mfagiaji alisimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi sikubaliani," na watu wakamsikiliza. Miaka ya tisini tulipoanza kuwaita viongozi waheshimiwa, wenye kusimama walipungua. Mwambie mtu aanze na "Mheshimiwa" halafu apinge. Sauti inashuka kabla hajafika kwenye hoja. Au labda ni uzee wangu, maana vijana bungeni siku hizi wanaitana waheshimiwa huku wakitukanana vizuri tu.

Ndiyo maana nakwambia, sikiliza unavyowaita wewe. Barua yako imejaa majina ya wakurugenzi na vyeo vyao, lakini anayewaletea chai ni "yule dada wa chai" na dereva ni "dereva". Nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari.

Sasa bosi. Neno lenyewe limekwisha makali: konda ananiita bosi akinidai nauli, muuza karanga ananiita bosi kabla hajanijua. Kwa hiyo ningesema waache. Lakini ukiwaacha, utalizoea. Ukiwakataza, watakuita "madam", ambalo silipendi zaidi, au watanong'ona kwamba unajifanya mnyenyekevu. Nilikusudia nisiseme lolote, ofisi ni yako. Basi sisemi. Ila dada Zuhura lilikuwa jina zuri, nami ndiye niliyelichagua.

Mama yako ameisoma hii kabla sijaifunga. Anasema wakuite bosi tu, na Idi ukija, bosi alete mchele wa Kyela, huu wa hapa una mawe. Na shangazi yako akikupigia, habari ya namba usimguse nayo.

Baba yako.