Karatasi saba za mama

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii ni badiliko gani la sheria, kati ya yote ya miaka ya karibuni, lililomgusa zaidi mwananchi wa kawaida wa Tanzania. Wengi watataja ndoa, kwa kuwa mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na Katiba. Wengine watataja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni mambo mazito na siyapunguzi uzito. Mimi, hata hivyo, nikisikia habari ya sheria huuliza kwanza imeandikwa kwa lugha gani, hivyo niliketi kuandika nikiwa na jibu langu tayari: Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Sababu ni mama yangu. Mwaka 2018 alifungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya dhidi ya jirani aliyeng'oa minyaa ya mpaka na kuipanda upya ndani ya shamba letu. Mwenyekiti alimwuliza kwa Kiswahili, mama akajibu kwa Kiswahili, kisha mwenyekiti akainama na kuandika kwa Kiingereza, kwa kuwa sheria ya mabaraza hayo ilitaka kumbukumbu na hukumu ziwe katika lugha hiyo. Wakili wa jirani akaweka pingamizi la awali kwamba maombi hayakueleza ardhi ipo wapi, na kweli mama alikuwa ameandikiwa tu "shamba la bondeni, chini ya mwembe". Pingamizi likakubaliwa. Tukapewa karatasi saba.

Usiku ule mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha nne, alizisoma kwenye mwanga wa taa ya sola huku kamusi ikiwa magotini. Alikwama mara nyingi, akaruka aya nzima, akafika mstari wa mwisho. "Bibi," alisema, "wameitupa kesi." Mama hakusema neno. Alizikunja karatasi zile mpaka zikawa ndogo kama kiberiti, akazifunga kwenye pindo la kanga anapofungia hela, akatoka nje. Asubuhi aliuza mbuzi wawili ili apate fedha ya kuandikiwa rufaa, na tukaanza kuhesabu zile siku 45 za kwenda Mahakama Kuu kama watu wanaohesabu siku za matanga.

Siku zilikuwa zimebaki chache alipokutana na msaidizi wa kisheria katika ofisi ya kata, binti mdogo tu, aliyezifungua karatasi na kuanza kusoma kutoka nyuma. "Mama, shauri lako halijatupwa, limeondolewa," alisema. Akamweleza kwamba shauri lililotupwa limekwisha kuamuliwa na njia yake ni rufaa, ilhali lililoondolewa kwa kasoro kama ile huweza kurekebishwa na kufunguliwa upya, mradi miaka 12 ya kudai ardhi haijapita. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa, mwanangu, mbona hawakuniambia?"

Nilikusudia kukomea hapa na kuipigia kura sheria ya 2021. Lakini nikiyatazama maneno hayo mawili, kutupwa na kuondolewa, naona yote ni Kiswahili, na kama mama angesomewa uamuzi ule kwa Kiswahili fasaha bado angerudi nyumbani na kuuza mbuzi wake. Isitoshe, sheria hiyohiyo imeacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji, na maamuzi mengi ya mahakama za juu, ambayo za chini hulazimika kuyafuata, yamo katika Kiingereza. Sirudi nyuma kuhusu lugha: walau mama angesikia kwa masikio yake habari ya mwembe, akajua kilichokosewa ni maelezo na si haki yake. Ila nilikuwa nimeipa lugha kazi iliyofanywa na yule binti.

Kwa hiyo kura yangu naipa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria, ingawa naitoa kwa shingo upande. Haiwaruhusu kumsimamia mtu mbele ya baraza, na yule wetu alifika katani siku moja tu kwa wiki, kwa hiyo mama angeweza kabisa kumkosa. Mkiona mwaka 2017 si wa karibuni, basi nihesabieni ile ya 2021, kwa sharti kwamba kila anayetoa uamuzi alazimike kumweleza mhusika, kabla hajatoka chumbani, ni njia ipi imebaki na ana siku ngapi.