Kitufe cha A kimekufa: Caps Lock inaweza kushika nafasi yake?

SWALI: Habari mtaalamu. Kitufe cha A kwenye laptopu yangu ya Windows 11 kimegoma kabisa, na nenosiri langu lina A mbili. Caps Lock siitumii. Naweza kuifanya iandike A bila kujua kuandika kodi? Pia mausi yangu ina vitufe viwili vya ubavuni. Nataka kimoja kikopi, kingine kipesti.

JIBU: Inawezekana, ndugu msomaji, ila nenosiri lako ndilo linaloamua utumie programu gani. Wengi watakushauri PowerToys ya Microsoft. Ni nzuri na ni ya bure, lakini hubadilisha vitufe ikiwa inafanya kazi tu, yaani baada ya wewe kuingia. Kwenye skrini ya nenosiri Caps Lock itabaki ile ile, na utakwama mlangoni.

Pakua SharpKeys, nayo ni ya bure. Bonyeza "Add": safu ya kushoto chagua Caps Lock, ya kulia chagua A. Hiyo A itafute kwenye orodha, maana kitufe chenyewe hakibonyezeki. Bonyeza OK, halafu "Write to Registry" (Registry ni hifadhi ya mipangilio ya Windows yenyewe, ndiyo maana badiliko hili hufanya kazi hata kwenye skrini ya nenosiri). Ukisahau hapo, hakuna kilichohifadhiwa. Kisha chagua Restart, si Shut down: Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima kwa kawaida hakuianzishi Windows upya kikamilifu, na mabadiliko yanaweza yasionekane.

Kuanzia hapo Caps Lock inaandika a, na ukishikilia Shift inaandika A kubwa. Kabla ya hapo, ingia kwa kibodi ya kwenye skrini: bofya alama ya mtu iliyo kona ya chini kulia ya skrini ya nenosiri.

Kitufe kibovu kikianza kujiandikia chenyewe, aaaaa, ongeza mstari wa pili: kushoto A, kulia "Turn Key Off". Caps Lock itaendelea kuandika A kama kawaida. Lakini jihadhari, SharpKeys haibagui kibodi. Hata ukichomeka ya USB, A yake nayo itakuwa imezimwa. Siku hiyo futa mistari yote miwili, andika tena kwenye Registry, fanya Restart.

Kwa mausi, weka X-Mouse Button Control. Vitufe vya ubavuni humo ni Mouse Button 4 na 5. Kimoja kipe Copy, kingine Paste, bonyeza Apply. Programu hii lazima ibaki imewaka, na ikigoma ndani ya programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, nayo ifungue vivyo hivyo.