Injini huanza au huwaka?

Swali: Ninawatafsiria mafundi wa gereji yetu hapa Makupa maelezo ya gari kuukuu, Jaguar E-Type ya mwaka 1961, lenye kabureta tatu, yaani vifaa vya kuchanganya hewa na petroli. Nimeandika: "Kuanza kwa baridi: vuta choki upate mchanganyiko tajiri, makabureta yalishe mafuta." Fundi mkuu amesoma mara mbili na hakuelewa. Nimekosea wapi?

Jibu: Fundi wako ana haki, kwa maana maneno yako ni ya Kiswahili ila sentensi yenyewe siyo. Injini haianzi, injini huwashwa, nayo ikawaka, kama taa na kama jiko. La kuchunga ni neno moto tu: "gari limewaka" ni habari njema, "gari limewaka moto" ni ajali.

Kilichompoteza fundi zaidi, nadhani, ni "kwa baridi". Kwa ya hapo hueleza sababu au namna, kwa hiyo msomaji wa Mombasa atafikiri unataja hali ya hewa, naye atashangaa, kwani hata alfajiri za kusi mwezi wa Julai hapa petu hapana baridi ya kuzuia gari kuwaka. Baridi ya injini ni nyingine. Injini iliyolala usiku kucha haijapata moto, petroli haigeuki mvuke vizuri ndani yake, na sehemu kubwa hubaki matone yasiyoshika cheche. Ndiyo sababu napendelea "kuwasha injini ingali baridi": ngali humjulisha msomaji kwamba hali hiyo ni ya kupita, na kwamba choki, kile kivuto cha kuongeza petroli, itarudishwa.

Tajiri ni mwenye mali. Kwa kitu kilichochanganywa tunao uji mzito na uji mwepesi, na kipimo hicho chatosha kabisa: mchanganyiko mzito ni ule uliozidi petroli, ilhali injini iliyokwisha kupata moto huridhika na takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzani. Katika kabureta za gari hilo, za aina ya SU, choki ikivutwa jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli, huteremka, nafasi iliyoizunguka sindano iliyomo ndani yake ikapanuka, petroli ikapita kwa wingi.

"Yalishe mafuta" ni kosa la sarufi pia. Ukisema "walishe ng'ombe", anayekula ni ng'ombe. Kwa hiyo katika sentensi yako anayekula ni mafuta. Andika kwamba kabureta huipelekea injini petroli.

Makabureta husikika gereji, nami simkosoi asemaye hivyo, lakini katika maandishi ningeliacha neno katika ngeli ya I-ZI: kabureta hii, kabureta hizi tatu. Wingi huo uuonyeshe wazi, kwa sababu kazi imo humo. Nimemwona fundi ametia ncha moja ya mpira mwembamba sikioni, ncha ya pili akaisogeza kutoka mdomo wa kabureta moja hadi wa nyingine, akigeuza skrubu mpaka mvumo wa zote tatu ukalingana. Kazi hiyo ni kusawazisha kabureta.

Kwa hiyo andika: "Ikiwa injini ingali baridi, vuta choki ili mchanganyiko uwe mzito, kisha piga stata. Injini ikiwaka, rudisha choki kidogo kidogo kadiri inavyopata moto."