Ugonjwa wa figo wa IgA: je, ni wa Wajapani tu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa Tanga, nafanya kazi kiwandani Nagoya, Japani. Mwezi uliopita niliugua koo, na siku ya pili yake mkojo ukatoka rangi ya chai ya mkandaa. Nilichukuliwa kinyama cha figo, yaani kipande kidogo cha kupima, majibu yakaja kwamba nina ugonjwa wa figo wa IgA. Daktari wa hapa alishangaa, akasema kwa Mwafrika ni nadra kuuona. Sasa anataka nitolewe mafindofindo na nipewe steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Mama huko nyumbani anasema hicho ni kichocho tu, nilikipata mtoni utotoni. Yawezekana wamekosea? Na wadogo zangu je?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nianze na mama, maana hajakosea kuuliza. Mtoto wa kwetu akikojoa damu, hata mimi kliniki nafikiria kichocho kwanza. Lakini damu ya kichocho hutoka kibofuni: aghalabu ni nyekundu, huonekana zaidi mwishoni mwa haja ndogo, na mtu husikia maumivu. Yako imekuja na koo na ina rangi ya chai. Damu ya namna hiyo huanzia juu, kwenye vichujio vya figo. Hata hivyo mtu aweza kuwa na yote mawili. Waambie madaktari wako umekulia wapi, na omba mkojo wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, upimwe mayai ya kichocho. Usipowaambia, huko hakuna atakayekiwazia.

Sasa IgA yenyewe. Hiyo ni kingamwili inayolinda koo, utumbo na njia ya hewa. Kwa wenye ugonjwa huu, sehemu ya IgA hutengenezwa ikiwa na upungufu wa sukari iitwayo galaktosi. Mwili huiona ngeni, huitengenezea kingamwili nyingine, zikashikamana, na mafungu hayo hukwama kwenye vichujio. Koo likiuma IgA huongezeka, ndiyo maana ulikojoa damu upesi hivyo. Jean Berger na Nicole Hinglais ndio walioueleza mara ya kwanza, Paris, mwaka 1968.

Daktari wako ana sababu ya kushangaa. Japani, China na Korea, katika wagonjwa wa vichujio wanaochukuliwa kinyama, ugonjwa huu hufikia takriban 40 kati ya 100. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara haufiki 5. Sehemu ya tofauti hiyo ni kutafuta: Japani watoto wa shule hupimwa mkojo kila mwaka tangu miaka ya 1970, kwa hiyo damu isiyoonekana kwa macho hugunduliwa mapema. Kwetu wengi hufika hospitali figo zimeshasinyaa, na hapo kuchukua kinyama hakusaidii tena. Tena IgA haionekani mpaka kinyama kitiwe rangi inayong'aa na kutazamwa kwa hadubini maalumu, ambayo hospitali zetu nyingi hazina. Hili linaniuma, kwa sababu tunaandika "presha imeharibu figo" kwa vijana ambao huenda figo ndiyo iliyoanza kuleta presha.

Lakini si kutafuta peke yake. Durban, Afrika Kusini, madaktari walilinganisha Waafrika na Wahindi wa eneo lilelile. Kwa Wahindi waliukuta mara nyingi zaidi. Na mwaka 2012 kundi la Krzysztof Kiryluk na Ali Gharavi wa Chuo Kikuu cha Columbia lilionyesha kwamba vinasaba vinavyoongeza hatari ni vichache kwa Waafrika, huongezeka Ulaya, na kilele chake ni Asia ya Mashariki. Baadaye waliona pia kwamba vinasaba hivyo vimeenea zaidi mahali penye aina nyingi za minyoo. Huenda viliwafaa mababu wa watu hao kwa kulinda utumbo.

Hizo ni hesabu za makundi ya watu. Wewe umechukuliwa kinyama na IgA imeonekana, basi kabila lako haliwezi kuyafuta majibu hayo.

Kabila linahitaji kuulizwa kwenye tiba. Ushahidi mwingi wa kutoa mafindofindo umetoka Japani. Mwongozo wa 2021 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandika miongozo ya tiba ya figo, ulisema Wazungu wasifanyiwe hivyo kwa ajili ya ugonjwa huu. Kwa mtu wa asili yako ushahidi ni haba mno. Kama koo halikusumbui mara kwa mara, mimi nisingekimbilia kisu. Steroidi nazo zina madhara, hasa maambukizi. Muulize atakupa dozi gani, kwa muda gani, na atakukinga vipi.

Kwanza mwulize unapoteza protini kiasi gani kwa saa 24. Ikiwa inafika gramu 1 au zaidi, hatari ni kubwa. Dawa kama losartani huipunguza na kushusha presha pamoja. Punguza chumvi, na huko Japani chumvi imejaa kwenye supu na sosi. Dawa za maumivu za kujinunulia kama diklofenaki acha kabisa.

Wadogo zako wengi hawatapata, ila familia chache huwa na zaidi ya mgonjwa mmoja. Wapimwe mkojo kwa kijiti na presha, hapo hapo Tanga. Wewe niandikie ukishapata hesabu ya protini.