Binti yetu ameitwa kutoa ushahidi

SWALI: Ndugu Mhariri, binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 12, alifanyiwa ukatili wa kingono na jirani, na sasa ameitwa mahakamani hapa Dodoma. Tangu hati ya wito ifike, chakula hakimpiti, kwani anaogopa kusimulia mbele ya watu. Je, kuna msaada?
Mama mlezi, Chamwino

JIBU: Pole sana, mama. Katika kesi za makosa ya kujamiiana, ushahidi hupokelewa faragha, na magazeti hayaruhusiwi kumtangaza shahidi. Kwa kuwa binti hajazidi miaka 14, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Mweleze kwa upole maana ya ahadi hiyo, lakini usimfundishe la kusema, maana ushahidi wa kufundishwa huweza kuiangusha kesi.

Kabla ya siku yenyewe, mwone wakili wa serikali anayeendesha kesi, umweleze hofu ya mtoto na kumwomba amwonyeshe chumba cha mahakama kikiwa kitupu, tena asisubiri kwenye benchi moja na ndugu wa mshtakiwa. Suala hilo la benchi hupuuzwa, nami naliona zito kuliko mengi, kwa sababu mtoto aliyekaziwa macho asubuhi nzima huingia ndani akiwa amekwisha kunyamaza.

Ushauri nasaha muombeni afisa ustawi wa jamii. Mkitishwa, nendeni mara moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015.